Chuma Kilichomo Ndani ya Mawe ya Yaya

Baba alikuwa na kikombe cha platini. Kilikuwa kidogo, cha kuenea kwenye kiganja, rangi ya kijivu iliyofifia, na mtu asiyekijua angedhani ni alumini. Kampuni ya dhahabu aliyoifanyia kazi ya ukemia tangu ujana wake ilipoanguka, wafanyakazi waliambiwa wajilipe wenyewe kwa vitu vilivyobaki. Wenzake waling'oa mabati na milango. Baba alirudi kwetu Bigo, mtaa wa mji wa Bunia, na mizani, mrija wa kioo wa kudondoshea dawa uitwao bireti, chupa za asidi na hicho kikombe. Mama yetu, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, alikaa muda mrefu bila kumsemesha.

Depo, stoo iliyokuwa nyuma ya nyumba, ikageuka labo, maabara yetu. Humo ndimo dada yangu mkubwa na mimi tulimojifunza kupima, kuchuja na kusubiri. Dada nilimwita Yaya, kama wadogo wote wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao. Yaya alikuwa na maneno. Mimi nilikuwa na mkono. Siku moja Baba aliniangalia nikifunga kilango cha bireti kabla rangi haijapita kiasi, akasema, "Mukono ya huyu mudogo haitetemeke." Niliishi na sentensi ile kwa miaka. Ndiyo iliyonipeleka Kisangani kusomea kemia. Yaya alikwenda Lubumbashi kusomea mawe.

Vita ya Ituri ilinikuta nimeshaolewa, nina binti mdogo, ninaishi Ngezi, mtaa mwingine wa Bunia, na kufanya kazi katika labo ya zahanati. Kutwa nilichungulia damu za watu kutafuta malaria. Mume wangu alikuwa amekwama Kisangani, barabara zimekatika. Ndipo Yaya akarudi. Alikuja kwa kuzunguka Uganda, amekonda, na mgongoni amebeba mfuko wa mawe.

Yalikuwa mawe ya kijani, punje kwa punje, kama chupa iliyopondwa ikashikamanishwa tena, na katikati ya kijani mlikuwa na vigamba vya madini ya mika nyeusi iliyometameta. Alikuwa ameyaokota kwenye mashimo ya volkano za zamani chini ya Ruwenzori, upande wa Uganda. Aliyamwaga juu ya meza ya Baba kabla hata hajaulizwa kama amekula.

"Hii haikuzalikia huku juu," alimwambia. "Imetoka chini, kupita gamba yote ya dunia. Volkano iliibeba mbiombio, haikupata hata nafasi ya kuyeyuka."

Baba alichukua jiwe moja, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alikuwa mzee wa maneno machache, na tangu Mama afariki yalikuwa yamepungua zaidi. Lakini siku hiyo aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Nami nilikuwapo, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mtoto amelala mapajani. Hakuna aliyenigeukia. Nilijikuta nikihesabu ni lini mara ya mwisho Baba aliniuliza swali lolote kuhusu kazi yangu, nikashindwa kukumbuka.

Alichotaka Yaya si kigumu kueleza. Chini ya gamba tunalokanyaga kuna tabaka nene la mawe ya moto ambalo vitabu vyetu vililiita joho la dunia. Kule hakuna hewa ya kupumua, lakini oksijeni imo, imefungwa ndani ya mawe yenyewe. Kuna mahali ambapo ni nyingi kidogo na mahali ambapo ni haba, na hilo ndilo linaloamua mambo mengi: kama kaboni ya huko itakaa kuwa almasi, au itatoka na volkano kuwa gesi. Mtu hawezi kushuka kwenda kuipima. Ila chuma kinasema. Chuma kilichopoteza elektroni mbili ni kile kilichoishi mahali penye oksijeni haba. Kilichopoteza tatu kimeonja zaidi, ndugu wa kutu. Nyumbani tuliviita chuma mbili na chuma tatu. Pima hivyo viwili ndani ya jiwe lililotoka joho, nawe utajua hali ya huko lilikotoka.

Chuo cha Yaya kilikuwa ng'ambo ya vita, hakuna njia ya kurudi. Memwari yake, tasnifu ya kumalizia chuo, ingeoza mkononi. Kwa hiyo waliamua kupima pale pale, Bigo, ndani ya depo. Niliposikia nilifurahi, maana kupima chuma ndiyo kazi niliyoijua kuliko wote wawili. Jumapili baada ya misa nilimwacha mtoto acheze na watoto wa wakimbizi waliotoka upande wa Fataki, waliojaa parseli nzima, kiwanja chote cha Baba, nikaingia depo na kukunja mikono ya blauzi.

"Nianzie wapi?" niliuliza.

Yaya alikuwa anasaga jiwe ndani ya kinu cha jiwe gumu. Hakuinua kichwa. Baba ndiye aliyejibu.

"Mama, utusafishie vyombo. Bireti iko na mafuta."

Baba alituita "mama" tangu tulipokuwa wadogo, sote wawili, kwa sauti moja. Nikaosha bireti. Nikaosha vikombe. Nikachota maji kwenye kisima cha jirani kwa sababu bomba lilikuwa limekauka, na kila niliporudi na ndoo niliwakuta wakizungumza kwa Kifaransa cha vitabu, Baba akirudia maneno ya mwanawe kama mwanafunzi. Olivini, spineli, majina ya madini. Manto, lile joho. Baba yangu, aliyenifundisha mimi kushika bireti, alikuwa anang'aa kwa ajili ya mawe ya mtu mwingine.

Ikawa hivyo kwa Jumapili nyingi. Katikati ya wiki, nikiwa na darubini yangu na damu za watu, niliwawazia wako pamoja. Bunduki zilikuwa zinalia upande wa Mudzipela, majeruhi wanaletwa kwa baiskeli, na mimi kichwani nilikuwa depo, nikishindana na mawe. Siipambi hali ile. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja nikawakuta wanacheka. Yaya alinishika mabega.

"Mudogo yangu, sikia! Chuma tatu iko mingi. Mingi sana kupita ile ya vitabu. Joho ya huku kwetu haifanane na ya fasi ingine. Unajua maana yake? Memwari hii, wataisoma mpaka Ulaya."

Baba alikuwa amevaa koti lake la kazi la zamani, lile la kampuni. Alilivaa siku kubwa tu. Nilitazama juu ya meza. Unga wa jiwe ulikuwa laini kama poda ya mtoto, na rangi yake ya kijani ilikuwa imeingia ukahawia. Nikaugusa kwa kidole.

"Yaya, unasaga kavu?"

"Nitasaga namna gani?"

"Mu alkoli. Jiwe ukiisaga kavu, muda murefu hivi, inapata moto, chuma inakamata hewa mbele hata ya kuingia mu asidi. Hii chuma tatu unaona, ingine ni ya humu Bigo. Haiko ya chini."

Kicheko kikaisha. Yaya alifuta mikono yake kwenye kitenge.

"Alkoli iko wapi na hii vita? Basi utuletee ya zahanati."

"Ile ni ya vidonda ya watu."

"Sawa. Kama hauna alkoli, utuache na ukavu yetu."

"Si mambo ya alkoli tu, Yaya. Hesabu hii usiitume. Itakuletea haya."

Baba akavua koti lake polepole, akalitundika msumarini.

"Mama," alisema, "ni wivu iko nakusemesha."

Wivu ulikuwapo kweli. Na jiwe lilikuwa limesagwa vibaya kweli. Mambo yote mawili yalikuwa mdomoni mwangu kwa pamoja, na ndani ya depo ile hakuna aliyeweza kuyatenganisha, hata mimi mwenyewe. Nilimchukua mwanangu nikaenda zangu Ngezi. Njiani nililia kwa hasira. Wanawake waliokuwa wanauza muhogo walidhani nimefiwa, mmoja akasimama kunipa pole.

Sikurudi Bigo mpaka mwezi wa tano, askari wa Uganda waliokuwa wameshika Bunia walipoondoka na mji ukabaki mikononi mwa wenye bunduki wa kila upande. Hapo haikuwa tena habari ya nani kamkasirikia nani. Nilifunga nguo chache, nikambeba mtoto, nikapita Bigo kumchukua Baba. Nilimkuta amesimama uani na Yaya, tayari. Wakimbizi wa Fataki walikuwa wameshaondoka alfajiri. Tukaingia barabara ya Komanda pamoja na umati, magodoro vichwani, mbuzi, wagonjwa juu ya vitanda.

Yaya alikuwa na mfuko wake mgongoni. Hakubeba nguo; alibeba mawe. Nilitaka kusema neno, nikameza.

Mbele kidogo, mahali barabara inaposhuka, tulikuta barieri: mti umelazwa, vijana wenye bunduki, na mwenye kuwaongoza amevaa kofia ya sufu kwenye jua lile. Walikuwa wanapekua kila mtu. Ilipofika zamu yetu, mwenye kofia aliinama mbele ya binti yangu, niliyekuwa nimemshusha atembee, akamnyang'anya kitu mkononi.

"Hii nini?"

Kilikuwa kikombe cha platini. Sikujua kama anacho. Alikuwa amekishika kama toyi, na mimi tangu nimshushe nilikuwa nimeshika mkono wake wa pili.

Nilimtazama Yaya. Uso wake ulikuwa umekauka kama jivu. Baba alikuwa anatazama milima.

"Kikombe ya mutoto," nikasema. "Ya kunywea dawa."

Alikipimapima kiganjani. "Mbona iko nzito hivi?"

"Ni ya zamani, papa. Vitu ya zamani iko nzito."

Akakinusa, akatazama ndani. Mtoto akaanza kulia akikitaka chake. Nadhani kilio kile ndicho kilichotuokoa, maana alichoka nacho, akamrudishia. Kisha akamgeukia Yaya na kufungua mfuko.

Jua lilipiga kwenye mawe, kijani kikawaka.

"Na hii?"

"Mawe," Yaya alisema. "Mawe tu. Haina bei."

"Mawe tu, na uko nakimbia nayo vita?"

Akawaita wenzake. Walikusanyika, mmoja akasema ni almasi ya kijani, mwingine akasema ni zumaridi, alishaiona kwa Mhindi mmoja. Yaya akapiga magoti vumbini. Dada yangu, aliyekuwa hajui kumwomba mtu kitu, alishika suruali ya yule mtu wa kofia na kumwomba kwa Kiswahili, kwa Lingala, kwa lugha ya mama yetu. Na kadiri alivyoomba ndivyo mawe yalivyozidi kupanda thamani machoni mwao. Walivuta mfuko, ukachanika, mawe yakamwagika. Wakayaokota wakicheka na kuyatia mifukoni. Yaya alibaki anachakura vumbi akitafuta punje zilizosalia, watu wa nyuma wakimkanyaga na kupiga kelele tusonge.

Ilinijia furaha. Ilikuja haraka, ya moto, kabla sijaweza kuizuia: sasa hana kitu, sasa tuko sawa. Halafu niliona vidole vyake vikichuja lile vumbi, nikainama kumsaidia kuokota. Tulipata punje chache, kubwa yake kama harage.

Tulipovuka barieri na kufika mbali, nilimsimamisha.

"Ulimuwekea mutoto wangu platini mu mukono?"

"Haikuwa mimi," alisema.

Baba akasimama. "Ni mimi, mama. Kwa mutoto hawaangaliake sana."

"Wameangalia, Baba! Na kwa nini haukuniambia?"

"Ningekuambia, sura yako ingewaambia wao."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeeleza kipimo. Na labda alikuwa na haki. Lakini niliposonga mbele na mtoto mgongoni nilikuwa nikijiuliza: Yaya alijua. Uso wake pale barierini ulikuwa wa mtu anayejua. Yeye sura yake iliaminiwa.

Tuliishi Komanda kwenye darasa la shule, familia nyingi, tumetenganishwa kwa vitenge. Yaya akapata malaria kali. Nilimhudumia mimi, nilimkanda kwa maji, nikamtafutia dawa ya kinini. Baba alikaa karibu na kichwa chake kutwa. Siku moja niliumwa na tumbo na hakutambua. Ni jambo dogo, najua. Nimesahau makubwa ya vita ile, hilo sijalisahau.

Askari wa kigeni walipofika Bunia na mji kutulia kidogo, tulirudi. Nyumba yangu Ngezi ilikuwa kuta tu. Kule Bigo walikuwa wamechukua mizani na vitanda, wameacha asidi na vyombo vya kioo visivyouzika. Sikwenda kuangalia. Niliambiwa na Yaya, aliyekuja kwangu asubuhi moja, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa vile viti havikuwapo.

Alifungua fundo la kitenge. Zile punje zilikuwa ndani.

"Inatosha kusaga mara moja," alisema. "Tukikosa hii, basi. Chuma yote kwa jumla niliishapima mu unga ya zamani, ile haigeukake. Inabaki kupima chuma mbili." Akalisogeza fundo kwangu. "Usage weye. Upime weye."

"Baba amesema nini?"

"Sijamwambia."

Nilimfanya asubiri. Nilienda kuchota maji, nikawasha makaa, nikampikia mtoto uji. Alikaa tu juu ya ndoo yake. Utamu wa asubuhi ile ninaukumbuka kama utamu wa miwa. Kisha nikamwambia sawa.

Wakati huo misaada ilikuwa imeleta dawa nyingi. Muuguzi mkuu wa zahanati alinipa alkoli bila hata kuuliza. Nilisaga punje zile chini ya alkoli, polepole, nikikanda badala ya kuponda, mpaka ukatoka unga wa kijani kibichi usio na dalili ya kahawia. Niliuacha ukauke kivulini. Mizani ya zahanati ikatusaidia kupimia. Ndani ya depo, mlango na dirisha vikiwa wazi kwa sababu asidi ile inakula mapafu na mifupa, niliutia unga katika kikombe cha platini pamoja na asidi, nikafunika, nikaweka juu ya moto mdogo. Mvuke ulitoka pembeni mwa kifuniko ukisukuma hewa isiingie. Hapo ndipo kazi ilipo: hewa isiingie. Nikatumbukiza kikombe, na kifuniko chake, ndani ya maji ya asidi ya boriki, nikafungua kilango cha bireti.

Permanganati ya zambarau ilidondoka na kupotea, ikadondoka na kupotea. Kila tone lililopotea lilikuwa chuma mbili. Baba alikuwa ameingia, ameegemea mlango. Sikumtazama. Yaya alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake. Halafu tone moja likakataa kupotea, maji yakabaki na waridi hafifu sana, nikafunga.

Yaya alipiga hesabu kwa mkaa juu ya ukuta, karatasi zikiwa zimeibwa. Chuma mbili ilikuwa nyingi kuliko alivyopata zamani, na chuma tatu imepungua sana. Ile habari yake kubwa, kwamba joho la kwetu ni tofauti na la dunia nzima, ilianguka pale pale. Lakini haikuanguka yote. Hata baada ya kuiondoa hewa ya Bigo, jiwe lilikuwa bado limeonja oksijeni kupita kawaida ya vitabu. Alisema huenda ni maji na vimiminika vilivyopenya kule chini, vile vile vilivyoacha ile mika nyeusi.

"Basi ulikuwa na haki," aliniambia.

"Nusu," nilisema.

Nilimgeukia Baba. Nilikuwa nimesubiri neno lake tangu nilipokuwa msichana. Alikuja mpaka ukutani, akasoma tarakimu akiwa amekunja macho, akamwekea Yaya mkono begani.

"Umeona, mama? Bado inapita ya vitabu."

Kisha akaniuliza mimi kama chai iko.

Yaya alipitia Kampala, akafika Ulaya, akamaliza masomo. Huko walikuwa na mashine za miale zinazosoma chuma bila kukigusa, wakapima mawe mengine ya mashimo yale yale, wakapata karibu na kile nilichokipata mimi. Aliandika makala. Jina langu lilikuwa mwishoni, kati ya wanaoshukuriwa, baada ya dereva wa Uganda, na herufi moja imekosewa. Nilimpigia simu.

"Ni profesa alipanga majina," alisema. "Nilimuambia. Nilimuambia kweli."

"Ungemuambia mara ya pili."

Akaanza kulia, na mimi nikakata simu kwa kisingizio cha betri. Baba aliiweka makala ile chini ya mto wake mpaka alipofariki. Aliwaonyesha wageni wote. Kwenye kilio cha msiba wake watu walinipa pole kwa kufiwa na baba wa yule mama wa Ulaya, mtaalamu.

Sasa ninafundisha kemia shule ya sekondari hapa hapa Bunia. Yaya huja kila baada ya muda, tunakula pamoja, tunapendana kwa namna yetu. Binti yangu ametoka Lubumbashi kwa likizo, anasomea mawe. Simu yake ikilia kwa sauti ya aina fulani najua ni mama yake mkubwa wa kizungu-zungu, kama ninavyomtania, ingawa yeye humwita Tantine. Juzi walizungumza muda mrefu barazani. Alipomaliza nilimuuliza wamesema nini.

"Mambo ya mawe tu, mama."

"Nielezee basi."

Akanieleza, akiwa na haraka: wanataka kusaga sampuli mpya kwa mashine kubwa inayozunguka, kavu, muda mrefu, ziwe laini kabisa. Nikamwambia hapana, chuma kitakamata hewa, na nikamweleza kwa nini, taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Alinisikiliza. Aliinamisha kichwa upande mmoja kama babu yake.

"Nitamuuliza Tantine kama ni kweli," alisema.

Nikamwambia amuulize. Kisha nikatoka kwenda kuanua nguo, kwa sababu mvua ilikuwa imeshafika upande wa Bigo.